Gari Lililotumika na Mama Mmoja Tu

Jumamosi, tarehe 3 Agosti

Kikao cha familia sebuleni. Mke wangu, fundi cherehani, ametoa akiba yake yote. Miaka miwili ya kushona sare za shule! Agizo lake: gari la familia, tena upesi. Mama yake, ambaye anaishi nasi, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Amesubiri miezi saba kupangiwa upasuaji wa jicho la kwanza. Alhamisi tarehe 15, saa mbili asubuhi, hospitali ya macho, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Akikosa siku hiyo, anarudi mwisho wa foleni.

Mke wangu kasema niende na kaka yake, tumchukue na fundi akalikague gari kabla ya kulipa. Nikaitikia. Kuitikia ni adabu.

Kaka yake huyo, shemeji yangu, humu ndani namwita Bwana Daftari. Kila akibadilisha oili anaandika tarehe na kilomita kwenye kijitabu. Mtu mzima! Siendi naye ng'o. Mimi ni karani wa masjala mwaka wa kumi na nne sasa, mafaili ya magari yote ya ofisi yamepita mikononi mwangu. Na kumpeleka fundi mbele ya muuzaji ni kujitangaza kwamba hujui kitu.

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Nimenunua! Peke yangu! Kabla ya saa tano!

Muuzaji ni muungwana wa kupigiwa mfano. Shati limepigwa pasi, meno yote yapo. Kasema gari limetumika na mama mmoja tu, mwalimu mstaafu, sokoni na nyumbani. Rangi inang'aa, nimejiona humo hadi vishimo vya mashavu. Nikashika boneti kama wanavyofanya wajuzi. Ya moto! Kumbe ameamka mapema kuliwasha ili mimi nisipate taabu. Siku hizi nani anakujali hivyo?

Akaniruhusu nilijaribu. Alichagua barabara mwenyewe, ile inayoteremka. Gari liliteleza kama maji. Kurudi akaendesha yeye.

Nyumbani vigelegele. Binti yangu, mwenye miaka tisa, kapiga honi hadi majirani wakachungulia. Mke wangu akauliza fundi kasema nini. Nikamjibu kwamba fundi hakuwa na la kusema. Kweli tupu. Hakuwepo.

Kisha mama mkwe akatoka na mkongojo wake. Akalizunguka gari akiligonga kwa kifundo cha kidole, polepole, kichwa kimeinama. Ti, ti, ti. Alipofika mlango wa kulia: du. Akasema huku kote ni bati, ila hapa ni udongo, limepondwa likafukiwa kisha likapakwa rangi. Nikamwambia kwa heshima zote, mama, kwa macho hayo ungesubiri Alhamisi ya upasuaji. Akanijibu kwamba hatazami, anasikiliza.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Gari haliwaki. Linakohoa, linanyamaza. Majirani wanne wamelisukuma, wawili kati yao wakicheka. Likiwa la moto linawaka vizuri sana. Tatizo ni ule wakati kabla halijawa la moto.

Ikabidi nimwite Fundi Kimya, mwenye gereji ya kona. Anaitwa hivyo kwa sababu maneno yake ni ya kuhesabu. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akanionyesha. Nyeusi tititi. Akavuta handbreki, akaiachia, akaivuta tena, akanitazama kwa huruma. Akataja vitu vinne: oili, plagi, mkanda wa injini, handbreki. Kaanze na handbreki, kasema, hiyo inaua.

Nimemshukuru. Gari nimelipeleka kuoshwa, nikanunua vitambaa vya viti, rangi ya zambarau, na manukato ya kuning'iniza. Mtu akipanda gari anaona viti. Handbreki nani anaiona? Kwa kuegesha nimepata jiwe zuri, nalitia chini ya tairi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Sawa, ila mimi nyufa zangu nazichagua.

Jumanne, tarehe 6 Agosti

Siku ya bima. Mke wangu alinipa pesa ya bima kubwa. Wakala, dada mmoja mvumilivu, kanieleza mara mbili. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Bima kubwa inamlipa uliyemgonga na inakutengenezea na la kwako.

Nikafikiri. Je, nina mpango wa kugonga mtu? Sina. Basi bima kubwa ya nini? Nikachukua ndogo. Chenji nikanunua redio yenye taa za bluu.

Mke wangu akauliza kama nimekata kubwa. Nikamwambia ni kubwa ya kutosha. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye cherehani.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti

Lahaula! Nilikuwa natoka getini kinyumenyume, redio ikiwaka bluu, nikataka kuongeza sauti kidogo tu. Nguzo ya geti ikanigonga. Taa ya nyuma kulia imevunjika, bampa linaning'inia upande mmoja.

Nikapiga simu kwa wakala. Akaniuliza, nguzo ni ya nani? Nikasema yangu. Gari? Langu. Akasema pole. Sikupenda ile pole yake.

Bampa nimelifunga kwa waya na gari nimeliegesha makalio yakitazama ukuta. Mke wangu hajaona. Binti yangu ameona. Nimemnunulia biskuti.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Nimepata wazo, tena la kitaalamu.

Kesho Bwana Daftari anakuja kumwona mama yake kabla ya upasuaji. Yeye ana bima kubwa. Mtu wa namna ile hawezi kukosa. Sasa sikiliza, ewe shajara. Ua wetu unateremka kutoka getini hadi nyumbani. Yeye huegesha chini, pua ikigusa kibaraza. Akitaka kutoka lazima arudi nyuma kupanda hadi getini. Mimi nitaliweka la kwangu upande wa juu, nyuma ya la kwake, makalio kwa makalio, jirani kabisa. Yeye atarudi nyuma, atanigusa kidogo, bampa litaanguka mbele ya mashahidi. Nitashika kichwa. Nitasema jamani shemeji! Bima yake inanipa taa mpya na bampa jipya, na yeye anaandika aibu yake kwenye daftari.

Gia nitaiacha huru ili nikigongwa gari lisiumie. Na jiwe nitaliondoa, maana yule bwana akiliona ataanza hotuba.

Jumapili, tarehe 11 Agosti

Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Tulikuwa kibarazani tunakunywa chai, familia nzima. Bwana Daftari alikuwa anasifu viti vyangu vya zambarau. Nadhani alikuwa anasifu. Mara nikasikia mlio mdogo wa changarawe. Nikageuka. Gari langu linakuja. Halina mtu, halina haraka, linashuka taratibu kama mgeni anayejua nyumba. Nikakimbia, nikalishika kioo cha pembeni. Kioo nikabaki nacho mkononi.

Puu!

Mama mkwe, ambaye hakuona chochote, akaweka kikombe chini akasema: udongo umepiga bati.

La kwake limebonyea buti, haliwezi kufungwa, taa zote za nyuma zimekwisha. La kwangu bati limekunjika hadi kwenye tairi, haliendi mbele wala nyuma. Bwana Daftari hakugomba, na afadhali angegomba. Kaniuliza tu, kwa upole, kama nina bima. Ninayo! Bima yangu itamtengenezea kila kitu, buti jipya, taa mpya, na rangi. Itamlipa yeye, na mimi hainipi hata skrubu.

Hapo ndipo mke wangu alipoijua bima ndogo. Hakunikaripia. Kauliza swali moja: Alhamisi mama anakwendaje, maana kwenye familia nzima kulikuwa na magari mawili na leo hakuna hata moja? Mama mkwe alikuwa pale pale, anapapasa meza kutafuta kikombe chake. Nilikisogeza mkononi mwake. Nilijisikia vibaya, wallahi, vibaya sana.

Nimeapa mbele yao wote kwamba Alhamisi nitamfikisha.

Jumatano, tarehe 14 Agosti

Fundi Kimya kalivuta bati likaachana na tairi. Linatembea! Kaniambia tena habari ya oili na plagi, na kwamba kesho alfajiri kuna baridi, halitawaka. Nikamwambia aniachie mimi. Kwani ugonjwa wake siujui? Linataka joto. Nimechukua blanketi letu zito nimeifunika injini, na asubuhi nitalimwagia maji ya moto sufuria mbili. Mke wangu aliniona na blanketi. Akaingia ndani kupiga simu.

Alhamisi, tarehe 15 Agosti

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Mama mkwe amekaa nyuma kwenye zambarau, kitambaa safi kichwani, kadi ya hospitali ameishika kwa mikono miwili. Nikamwaga maji ya moto. Mvuke! Nikageuza ufunguo. Likakohoa mara moja, kisha hata kukohoa likakataa. Maji yalikuwa yameingia kwenye waya za plagi.

Niligeuza ufunguo mara ishirini. Nililiomba lile gari. Nililiita mama. Kule nyuma mama mkwe wangu akasema taratibu, mwanangu, miezi saba si mingi, nitasubiri tena. Mimi nimemfanya nini mama wa watu?

Basi taa mbili zikatokea getini. Pikapu ya Fundi Kimya, mlango mmoja rangi nyingine, na dirisha linafungwa kwa bisibisi. Ilikuwa inanguruma vizuri bila kukosa pigo. Mke wangu alikuwa amempigia simu jana, kumbe, niliposhika blanketi. Akampandisha mama yake mbele, akaingia naye, wakaondoka. Mimi nilibaki na sufuria.

Wamefika saa mbili kasoro dakika tano. Upasuaji umekwenda salama.

Jumamosi, tarehe 24 Agosti

Jicho limefunguliwa, anaona! Amemwangalia binti yangu kwa muda mrefu akimshika kidevu. Amemsifu binti yake, amemsifu Fundi Kimya. Amelitazama gari la Bwana Daftari, limerudi jana na buti jipya, linang'aa kuliko siku lilipotoka dukani, yote kwa bima yangu. Kisha akanigeukia, akanipima juu hadi chini. Kumbe ndiye wewe, kasema, nilidhani mtu mrefu kwa ile sauti.

Tumecheka wote. Mimi kidogo.

Hukumu ya mke wangu: gari liuzwe, pesa apewe kaka yake azitunze, na gari lijalo likaguliwe na Fundi Kimya hadi chini ya mazulia. Nimekubali kwa moyo mmoja. Mtu hujifunza. Nimejifunza mengi.

Jumapili, tarehe 25 Agosti

Wamekwenda wote kwa Bwana Daftari, wanarudi saa kumi. Mimi nimebaki kusubiri wanunuzi. Tangazo nimeliandika mwenyewe kwa mwandiko wa masjala: Gari safi la familia. Limetumika na mama mmoja tu, mtu mzima, hospitali na nyumbani. Ni kweli alilikalia, ile asubuhi.

Majirani wakanisukumia, nikaliacha liungurume nusu saa. Boneti ikawa ya moto vizuri. Ujuzi huo!

Saa tano akaja mteja, bwana mnene mwenye kicheko. Akashika boneti, akatabasamu, hakuuliza swali hata moja. Mjinga, nikasema moyoni, amepatikana! Na hapo hapo akanipa habari njema zaidi: ya nini kuuza, tubadilishane? La kwake liko nje. Kubwa zaidi! Viti saba! Rangi nyekundu inayoumiza macho. Limetumika na mama mmoja tu, nesi mstaafu, zahanati na nyumbani. Nikashika boneti. Ya moto! Bado kuna waungwana duniani. Tukalijaribu, barabara aliichagua yeye. Liliteleza kama maji. Tukaandikishana papo hapo, akaondoka na la kwangu mbio mbio asije akajuta.

Mke wangu atasema nini? Atashangaa! Hakuna fundi, hakuna daftari, na nimepata viti viwili vya ziada. Hofu yangu ilikuwa mama mkwe tu na kile kidole chake. Basi nikamtangulia. Nimelizunguka gari zima, nikaligonga mwenyewe kwa kifundo, kichwa nimeinamisha.

Du. Du. Du. Kila mahali, mbele hadi nyuma, sauti ile ile nzito. Hili bati lake ni nene sana.