Foku Nyembamba na Heshima ya Mkwe

Mwl. Felisian,
Musoma Mjini.

Kwa Mzee Masatu,
Baba Mkwe,
Butiama.

Nakala: Mzee Yakobo, mshenga wetu, ambaye namwomba aisome akiwa amekaa.

YAH: OMBI LA KUGEUZA FAINI YA MBUZI KUWA BAISKELI YA CHUMA YENYE NAFASI YA TAIRI PANA

Baba Mkwe, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mvua inanyesha kwa kiasi ambacho mahindi yanakitaka. Mimi mwanao, mwalimu wa jiografia, ni mzima wa mwili. Nyumba ndiyo haijambo nusu. Mke wangu Gaudensia, binti yako, alikuja huko kusaidia palizi. Palizi imekwisha, yeye hajarudi, kwa sababu wazee mmeamua asitoke mpaka nilete mbuzi wa kuosha macho. Siandiki kupinga uamuzi wa wazee. Ila wahenga walisema mkubwa ni jalala, kwa hiyo nimeona nikuletee taka zangu kwa utaratibu, zikiwa na namba.

Kwanza nieleze tukio, kwa ajili ya kumbukumbu. Jumamosi ile nilikuwa kwenye lami na wenzangu wa chama cha mazoezi, tunatoka Musoma kuja Butiama, mimi nikiwa juu ya baiskeli yangu ya resi. Mbele yangu akatokea Mhusika, anatoka kanisani na wanawake wenzake, kapu kichwani. Utaniwia radhi kwa neno hilo. Mkwe hapaswi kumtaja mama wa mkewe, nami namheshimu hata kwa kalamu. Mila ya kwenu na ya kwetu ni moja: mkwe wa kiume akimwona Mhusika njiani anashuka barabara, anaingia porini, anageuza mgongo mpaka apite. Mimi sikushuka. Nilimpita karibu kabisa, nimeinamia usukani, nikatupa shikamoo ya haraka. Wanawake wote wakajifunika khanga nyuso zao. Jioni ile ile kikao kikaitishwa, na Mzee Yakobo akanipigia simu kunipa hukumu. Akaniambia, "Wakwe wa zamani walikuwaga wanaingia mpaka kwenye miiba, wewe unashindwa na changarawe?"

Swali lake ni zuri, na jibu lake ndiyo malalamiko yangu.

1. Kosa si langu, ni la foku. Foku, Baba, ni ile miguu miwili inayolishika gurudumu la mbele. Ya kwangu imebana kiasi kwamba punje ya mhindi haipiti kati yake na tairi. Kwa hiyo nalazimika kuvaa tairi jembamba kama kidole changu cha mwisho, na tairi hilo linajua lami tu. Pembeni ya lami kuna ukingo uliobomoka na changarawe isiyoshikana. Niliwahi kushuka hapo mara moja kumpisha ng'ombe, nikaishia ndani ya mkonge, nikachomolewa miiba na watu nisiowajua. Mtu mwenye foku kama yangu akikutana na Mhusika ana njia mbili, kumkosea au kufa. Nilichagua kumkosea, kwa kuwa mkwe aliyekufa hamheshimu mtu yeyote.

2. Mbuzi hatibu ugonjwa. Ataosha macho yaliyoona Jumamosi ile, lakini Mhusika bado ana kanisa na gulio, na mimi bado nina mazoezi. Kila tukikutana itabidi nilete mwosha-macho mwingine, mwisho zizi lako litajaa mbuzi wangu na mimi nitakuja kukuomba maziwa. Isitoshe, baiskeli ya resi haina keria. Huyo mbuzi mwenyewe sijui mlitegemea nimlete kwa namna gani.

3. Sijakaa bure. Nimezunguka maduka ya Musoma, nikafika mpaka Kabasa, kule Bunda, kwa fundi Baltazari, nikitafuta baiskeli itakayonirudishia adabu. Ile mpya ya alumini ni nyepesi, ila foku yake ina unene wa paja na nafasi ya sindano, tena ikipasuka hakuna wa kuichomelea huku kwetu. Baiskeli kubwa nyeusi, kama ile yako, inaingia porini bila wasiwasi. Tatizo lake ni mwendo. Ningelazimika kutoka Musoma Ijumaa ili niweze kumkwepa Mhusika Jumamosi. Mwishowe Baltazari akanitolea moja ya mtumba, ya kijani, fremu ya chuma, mabomba membamba, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Akaingiza vidole viwili kati ya tairi na foku, vikapita. Akaingiza na nyuma, karibu na pedeli, ambako watu wengi husahau kuangalia, vikapita. Akakagua na breki, maana zile za kubana ringi hulizuia tairi pana hata kama foku imeshalikubali. Hizi zilikuwa za diski, ziko pembeni, hazimsumbui mtu. Akasema, "Mwalimu, hapa unaweka tairi pana, na tope bado linapata pa kupita. Ikikatika niletee, chuma nachomeleaga." Baba, machozi yalinilenga. Sikujua kwamba adabu inauzwa, tena ikiwa imepakwa rangi ya kijani.

4. Kuhusu kaptula. Nasikia kikaoni ilijadiliwa kuliko baiskeli yenyewe. Ni kweli inabana, lakini inabana kwa sababu za kitaalamu. Na ningekuwa na foku yenye nafasi, muda ule ningekuwa nimeshaingia porini, ambako kaptula ya mtu ni siri yake na vichaka. Kwa hiyo hata kosa la kaptula ni la foku.

5. Kutokana na hayo naomba yafuatayo. Thamani ya mbuzi igeuzwe kuwa mchango wa wazee katika baiskeli ya kijani, kwa kuwa atakayefaidika nayo ni Mhusika, mimi nitakuwa dereva tu. Wakati mchango unasubiriwa, Mhusika apangiwe siku za kutumia lami, au kama hilo ni gumu, atembee na kengele ndogo, ili nimsikie kabla sijamwona. Ombi la kengele nimelifuta, ila kalamu hii ni ya wino. Na kwa faida ya koo zote, mchumba yeyote anayekuja kuposa aje na baiskeli yake, mzee mmoja aingize vidole viwili kwenye foku mbele ya mashahidi, na visipopita, posa irudi ilikotoka. Mnahesabu ng'ombe mpaka kwato, halafu binti mnampa mtu asiyeweza hata kutoka barabarani. Mimi mwenyewe nisingepita, na nalisema hilo kwa uchungu, maana ningekuwa sina mke.

Sinaye hata sasa, Baba. Hapo nisikufiche. Nimemkumbuka Gaudensia. Nakaanga sato mwenyewe, upande mmoja anaungua, upande wa pili ni mbichi, na hakuna wa kunicheka. Narudi kutoka shuleni naongea peke yangu habari za foku, na ukuta haunijibu. Yeye alikuwa ananijibu. Alikuwa ananiambia ninyamaze, lakini hilo nalo ni jibu.

Nawasalimu baba wadogo wote, majirani, na shangazi Dafroza, ambaye naambiwa ndiye aliyeisimulia kaptula vizuri kuliko waliokuwepo. Msalimie na mbuzi, kama mmeshamtengea kamba. Mhusika simsalimu, kwa heshima.

Ni mimi mkweo, ninayekutii kwenye lami na ninayetamani kukutii kwenye changarawe,

Mwl. Felisian.

Nyongeza: Baba, barua ilikuwa imeshafungwa, nikaamua niilete mwenyewe ili na baiskeli ya kijani uione. Baltazari ameniazima kwa majaribio. Lami ilikwenda vizuri. Changarawe nayo ilikwenda vizuri, nikawa nashuka ukingo na kupanda tena bila hata mtu wa kumheshimu, kwa furaha tu. Kisha nikaingia njia ya kwenu, ile ya udongo mweusi wa mbuga, na mvua ilikuwa imepiga tangu alfajiri. Vile vidole viwili vya nafasi vilijaa tope kabla sijaliona paa lako. Magurudumu yote mawili yakagoma. Nikaibeba begani, na mimi mwenyewe nikazama mpaka vifundoni.

Hapo ndipo alipotokea Mama, na mzigo wa kuni kichwani. Nilijaribu kutoka njiani, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Sikuweza hata kugeuza mgongo. Basi yeye ndiye aliyeshuka njia. Aliingia kwenye mahindi na ndala zake na kuni zake, akanipa mgongo, akatulia. Halafu akayaambia mahindi, "Nyie mahindi, mkimwona mtu amebebana na baiskeli, mwambieni kwamba Gaudensia ameshafunga mzigo wake. Kila jioni anakaaga kule barabarani anaangalia. Mbuzi walimtaka wazee na matumbo yao. Mimi nilikuwa nangoja mtu aje aseme pole." Nikayaambia mahindi pole. Sijui kama yalifikisha.

Kwa hiyo naomba uyapuuze malalamiko yote, kuanzia namba moja mpaka tano. Nimerudi mpaka senta ya Butiama, baiskeli nimemwachia mama wa mgahawa, na haya nayaandika kwenye meza yake. Barua namkabidhi shangazi Dafroza, niliyemkuta hapa anakunywa chai. Atatangulia nayo, na anaweza kushuhudia kwamba leo nimevaa suruali. Mimi nakuja nyuma yake kwa miguu. Naomba kitu kimoja tu, Baba: nikikaribia, na Mama akiwa nje, mtu akohoe kwa nguvu. Safari hii nishuke mimi.