Stika ya Kijani Juu ya Korongo

Jumatatu, 6 Mei

Wazo limenijia saa nne asubuhi, dukani, nikimfutia mteja miwani. Wazo kubwa. Nimelazimika kukaa.

Hali ni hii. Mtu ana sarafu ya zamani. Anaipeleka kwa wapimaji. Wanaikagua, wanaipa daraja kati ya moja na sabini, wanaifungia ndani ya kasha la plastiki, wanabandika lebo. Basi, kila mtu anaamini. Lakini hao wapimaji nani kawapima? Hakuna. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nitatazama kasha, nitatazama sarafu, nikiridhika nabandika stika ya kijani. Maoni ya pili. Na juu yake dhamana: sarafu yenye stika yangu nitainunua mwenyewe, siku yoyote mwenye nayo akiichoka.

Sifa ninazo. Nina sarafu kumi na tisa, zote zinameremeta. Nina lenzi, ingawa ni ya tajiri wangu wa duka la miwani. Nina jicho.

Mke wangu aliuliza hela za kununulia zitatoka wapi. Nikamfafanulia kwamba watu wakishapata dhamana hawarudishi kitu, dhamana ndiyo inayowatuliza. Akaendelea kukunja nguo.

Kuna sababu nyingine, na hii naiandika humu tu. Baba mkwe ametangaza kwamba Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, atakabidhi ufunguo wa kabati lake la sarafu. Mikono inamtetemeka siku hizi. Kila mtu anajua atampa shemeji yangu, mwanawe wa kiume, mfamasia. Mimi humwita Mizani, kwa sababu hatembei bila kile kimizani chake cha kupimia dawa. Mimi nina miaka tisa katika familia hii. Miaka tisa, kabati likifunguliwa, kazi yangu ni kushika tochi. Sijawahi kugusa hata moja. Nautaka ufunguo ule kuliko ninavyotaka kupandishwa cheo.

Jumanne, 7 Mei

Kwa mchapishaji. Stika chache hachapishi, anaanzia mia tano. Nimechukua mia tano. Rangi ya kijani, jicho katikati, chini yake maandishi: IMETAZAMWA TENA. NITAINUNUA SIKU YOYOTE, BILA MASWALI.

Mchapishaji alinishauri niongeze "masharti kuzingatiwa". Nikamwambia maneno hayo ni ya watu wasiojiamini. Akasema sawa, hela ni yangu.

Jicho limetoka limelegea kidogo, kama la mtu mwenye usingizi. Haidhuru.

Jumatano, 8 Mei

Mteja wa kwanza! Yule mama daktari wa meno mstaafu, mwanachama wa chama cha baba mkwe cha wakusanya sarafu. Ameleta sarafu ya shaba, daraja la 58. Nimeitazama kwa lenzi dakika kumi, nikiguna kila baada ya muda ili ajue kazi inafanyika. Nimebandika stika. Akaisoma stika pole pole, akaniuliza kama "bila maswali" maana yake ni bila maswali. Nikasema ndiyo, mama, hivyo hivyo. Akaiandika kwenye kijitabu chake.

Jioni, kwa baba mkwe. Hapa nilikwenda kwa adabu zote. Shikamoo, habari za afya, habari za mikono. Kisha nikataja Korongo.

Lazima nieleze. Korongo ni sarafu ya fedha, kubwa, ina ndege aliyesimama kwa mguu mmoja. Ndiyo sarafu ya kwanza aliyoinunua baba mkwe, kwa mshahara wake wa kwanza wa ualimu. Mwaka jana aliwapelekea wapimaji, wakampa 63. Tangu siku hiyo hajawataja wapimaji mezani. Anaamini Korongo ni 65, na anaumia. Mimi nilimwambia, baba, hebu nipe mimi maoni ya pili.

Akamtazama binti yake. Mke wangu akasema mpe, baba, lakini asilifungue kasha. Kana kwamba mimi ni mtu wa kufungua makasha.

Nikamwandikia hati ya mapokezi, na dhamana chini yake, na sahihi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kisha akaniwekea Korongo kiganjani. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Nikampa shikamoo ya pili.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemtazama Korongo kutwa nzima chini ya kaunta. Siri ya 63 nimeigundua. Ni uchafu! Pembezoni pote ana utando wa zambarau, unaokuja dhahabu, unaoishia buluu shingoni mwa ndege. Wapimaji walitoa daraja kwa uchafu, si kwa sarafu. Kutoka 63 hadi 65 ni suala la usafi.

Ila uko ndani ya kasha.

Ijumaa, 10 Mei

Nimelifungua kasha. Kwa kisu kilichopashwa moto, taratibu, mke wangu akiwa kazini. Nitaliziba tena, hakuna atakayejua. Mpimaji wa pili lazima aone zaidi ya mpimaji wa kwanza, vinginevyo kuna haja gani ya kuwa na wa pili?

Dawa ya meno, mswaki laini, maji ya uvuguvugu. Ndivyo nilivyozisafisha zangu zote kumi na tisa. Dakika nne, zambarau yote imekwenda na maji. Korongo ametoka anawaka! Unaweza kunyoa ndevu ukimtazama. Nimemrudisha, nimeziba kwa gundi, nimebandika stika ya kijani mahali pa heshima, juu kulia. Kwenye cheti changu cha maoni ya pili nimeandika 65. Nikatafakari. Nikafuta, nikaandika 66.

Mswaki ulikuwa wa mke wangu. Nimeurudisha.

Jumamosi, 11 Mei

Mkutano wa chama, chumba cha nyuma cha maktaba. Wanachama kumi na mmoja, pamoja na mimi mgeni. Mizani naye alikuwapo, kimizani mezani, akipima sarafu za watu bila kuombwa. Nilitoa hotuba fupi kuhusu maoni ya pili. Nimebandika stika saba papo hapo, bure, kwa ajili ya kujenga jina.

Mama daktari wa meno akainua mkono. Anairudisha sarafu yake ya shaba. Nilipotaka kujua ina kasoro gani, akanielekeza kwa kidole neno "maswali" kwenye stika. Watu walicheka. Nimeinunua. Nusu ya hela ya kodi ya nyumba imeondoka, lakini sasa wamejionea dhamana inavyofanya kazi. Hilo ni tangazo.

Baadaye nikamuuliza juu juu, kitaalamu, dawa ya meno ina nini ndani. Akasema ni mchanga laini, bwana, unakwangua, na ndio uliompa wateja maisha yake yote. Nimefurahi kusikia inafanya kazi.

Mizani aliniambia, shemeji, kesho usichelewe. Alitabasamu. Nami nikatabasamu zaidi.

Jumapili, 12 Mei

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa bafu, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye komeo.

Chakula kilikwenda vizuri. Meza ikafutwa. Baba mkwe akauweka ufunguo katikati, kwenye kisahani. Mizani akaweka kimizani chake pembeni ya kisahani, kama mtu anayeweka dai la kiwanja. Nikaomba ruhusa. Nikatoa kitambaa, nikakikunjua, nikamweka Korongo mbele ya baba mkwe, na cheti juu. Nikasema, baba, sitini na sita.

Alilichukua kasha kwa mikono miwili kwa sababu ya mtetemeko. Akalisogeza dirishani. Nilisubiri atabasamu.

Mizani ndiye aliyeongea kwanza, kwa upole mkubwa, upole wa dukani kwake. Alitaka tu kuelimishwa, shemeji, alama ya kidole gumba imeingiaje ndani ya kasha lililozibwa.

Nikasema huenda ni ya wapimaji. Nikasema wapimaji ni watu wazembe, ndiyo maana ya maoni ya pili. Nilikuwa nakwenda vizuri. Kisha mke wangu akainuka, akasimama nyuma ya kiti cha baba yake, akatazama juu ya bega lake. Hakunitazama mimi kabisa. Akasema, baba, buluu ya shingoni haipo.

Kumbe yeye anaijua buluu ya shingoni. Kumbe kila siku yake ya kuzaliwa, tangu ana miaka mitano, alikuwa anafunguliwa kabati peke yake na kuruhusiwa kumshika Korongo kwa ukingo, hesabu moja mpaka hamsini. Miaka tisa ya ndoa, hajawahi kuniambia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema sikuwahi kuuliza, nilikuwa na tochi.

Baba mkwe hakupandisha sauti. Alisema ule haukuwa uchafu. Alimweka Korongo ndani ya bahasha ya karatasi akiwa kijana, na karatasi ikamtia rangi kidogo kidogo, na kila mwaka alikuwa akifungua kuona imefika wapi. Kwa miaka arobaini rangi ilifika shingoni. Mwaka jana ndipo akaona amfungie kwa wapimaji, isije ikapita hapo. Alisema sasa thamani ya Korongo ni ya uzito wa fedha yake tu, na Mizani anaweza kutuambia ni kiasi gani. Mizani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikirudisha kimizani mfukoni.

Niliona aibu. Naiandika kama ilivyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Basi nikafanya la kiungwana. Nikasema nina dhamana, nitamnunua. Akaitoa hati yangu kwenye mfuko wa shati, ikiwa imekunjwa vile vile, akaniuliza nitamnunua kwa hela gani. Nikatoa mkobani sarafu zangu zote kumi na tisa, nikazipanga mezani. Alizipitia moja moja dirishani. Zilichukua dakika tatu. Akanirudishia zote. Akasema, mwanangu, hizi nazo umezipiga mswaki.

Kisha akauchukua ufunguo, akampa binti yake. Mizani akabaki anakitazama kisahani kitupu.

Mke wangu akamtoa Korongo kwenye kasha. Akamtia ndani ya bahasha mpya ya karatasi, akaandika tarehe ya leo juu yake, akaiweka kabatini, rafu ya chini. Akasema tutaifungua baada ya miaka arobaini. Baba mkwe akacheka kidogo, kisha akajifuta macho. Mimi nilikuwa nimeshika tochi.

Tukarudi nyumbani. Mlangoni mke wangu akaniuliza ni mswaki upi.

Jumatatu, 13 Mei

Wanachama saba wamekuja dukani na sarafu zao saba. Hakuna aliyeulizwa swali. Nimewaomba wasubiri mwisho wa mwezi. Tajiri amegundua lenzi yake ilikuwa wapi.

Mke wangu amenunua mswaki mpya. Anaufungia kwenye mkoba, pamoja na ufunguo.

Jumanne, 14 Mei

Siku tulivu. Nimetafakari sana. Nimekosea, nakubali. Kosa langu lilikuwa kuondoa rangi. Kama nisingeondoa rangi, wangelikubali hata kasha.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni rangi.

Jumatano, 15 Mei

Nimesoma. Kwenye maktaba, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu mzima. Rangi ya Korongo inaletwa na vitu vitatu: karatasi, joto na muda. Karatasi ipo, mke wangu ameshamtia bahashani. Muda ndio tatizo, kwani miaka arobaini baba mkwe hataweza kuisubiri, na nataka aione buluu ile ikifika shingoni kwa macho yake mwenyewe. Nataka kwa moyo wangu wote. Lakini kitabu kinasema muda na joto vinafidiana: joto likizidi, muda unapungua.

Nimepiga hesabu. Miaka arobaini, kwa moto wa wastani, ni kama dakika arobaini.

Nimebakiwa na stika mia nne tisini na moja. Kabati liko mwendo wa dakika kumi kutoka hapa, na baba mkwe hulala baada ya chakula cha mchana. Mke wangu anaoga. Mkoba uko juu ya kiti. Oveni nimeshaiwasha, ipate kushika joto.