Mbegu Zilizochemshwa kwa Faida ya Taifa

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Katibu, Ndugu Mabalozi wa nyumba kumi kumi, akina mama wenye majembe, akina baba wenye sababu, ndugu dereva wangu, na mimi mwenyewe, Ndugu Kalinga, Mratibu wa Kanda wa Uoteshaji wa Kisasa:

Nianze bila kuzunguka. Jumatatu ya kwanza ya mwezi huu wa Machi, 1975, kijiji hiki cha Ruaha Mbuyuni kilipoteza mbegu yake yote ya vitunguu, madebe matatu, iliyokuwa ikitunzwa kwenye vibuyu juu ya meko tangu mavuno. Neno “kilipoteza” si langu, ni la Mama Severina aliyeketi pale mbele. Ofisi yangu inasema mbegu imehamishiwa kwenye ngazi ya utafiti. (Makofi machache, yote ya dereva.)

Ndugu wananchi, fikra hii haikutoka hewani. Nilikuwa ziarani Mafinga, nikapita kwenye kitalu cha miti, nikamkuta mtumishi anamwagia mbegu za miwati maji yanayochemka, na pembeni yake zile alizomwagia wiki mbili kabla zimeota kama zimetukanwa. Sikumwuliza kwa nini, kwa sababu chakula cha mchana kilikuwa tayari na kiongozi hali wali wa baridi. Lakini papo hapo, nikiwa na kijiko mkononi, nilipata dira: kama maji ya moto yanaamsha mti mzima, kitunguu ni nani hata kikatae? (Mama Severina anasema mbegu ya mwati ina ganda gumu kama kokoto, ya kitunguu haina. Anaombwa asubiri wakati wa maswali. Wakati wa maswali haumo kwenye ratiba.)

Hapo ndipo nilipoiongezea teknolojia. Niliagiza kila kaya ishushe kibuyu chake, mbegu zikusanywe kwenye pipa moja ili pasiwe na ubinafsi, zimwagiwe maji ya moto, yatiwe magadi yale ya kulainishia maharage, kisha kopo la dawa ya kuondoa madoa ambayo mke wangu huisifu sana kwenye mashati yangu meupe. Nitajibu kwa takwimu wale wanaonong'ona. Tulikusanya asilimia mia moja ya mbegu, tukachemsha asilimia mia moja, tukasia kwenye vitalu asilimia mia moja, na tumeotesha asilimia yote iliyobaki. (Mtu mmoja anaanza kuhesabu kwa vidole, anaacha.)

Kwa makadirio ya ofisi, mbegu moja ikitoa miche miwili, mwaka huu tungevuna mara mbili ya mwaka jana. (Mama Severina: “Mbegu moja ya kitunguu hutoa mche mmoja, Ndugu Mratibu. Ile ya kwako haikutoa hata huo.”) Mama, hiyo ni hesabu ya shambani, mimi naongelea hesabu ya programu.

Na mbegu zenyewe, tusizionee. Ni weupe gani ule! Mimi binafsi sijaona mbegu safi kama zile tangu nizaliwe. Tumeambiwa kilimo ni cha kufa na kupona, nazo zimeshatekeleza nusu ya kwanza, kilichobaki ni sisi kuziunga mkono katika nusu ya pili. (Kicheko cha watu wasiofurahi. Bwana Filemoni, fundi wa mifereji, anauliza zamu ya maji ya kijiji itamwagilia nini. Anajibiwa kwamba itamwagilia matumaini.)

Msiwe na wasiwasi. Serikali yenu sikivu, kupitia mimi, itajenga hapa Kituo cha Uoteshaji chenye maabara, ghala la mbegu mpya na nyumba ya Mratibu, kwa mpangilio huo lakini si lazima kwa kuanzia huko. Wote tuseme: Magadi! (Akina mama wanatazamana.) Mbegu nyeupe! (Dereva: “Juu!”) Maji ya moto! (Mtoto analia.)

Nahitimisha kwa kuwashukuru kwa kuupokea mradi huu kwa mikono miwili, hasa kwa kuwa nikifika Iringa ndipo nitakapoandika barua ya kuuomba, nao wakubwa wa mkoa wakiukubali wataupatia jina, na ukishapata jina utatafutiwa fungu, maana hadi leo hakuna anayeujua isipokuwa mimi, ninyi, na mke wangu anayelitafuta lile kopo. Asanteni sana.

(Hakuna anayepiga makofi, hata dereva. Mama Severina anasimama na kibuyu kitupu kwapani, anasogea mpaka mlangoni mwa Landrova ambayo Mratibu anaipanda.)

“Ndugu Mratibu, basi la kwenda Mikumi linapita saa nane, na vitalu vikikaa tupu wiki hii tumekosa mwaka. Kama unayo mbegu ya kutulipa, nibaki. Kama huna, nilipande, nipitie Mikumi niwahi kwa dada yangu Kilosa nikaombe mbegu zake kabla hajazisia zote. Sitaki asilimia. Unayo au huna? Nijibu kabla ya saa nane.”