Herufi za Arusi kwenye Mfuko wa Ndagala

Uvira, Jumapili baada ya ibada

Kwa Mjomba Evariste, mwenye sekretariati ya ordinateri, ofisi ya kupiga chapa kwa kompyuta, karibu na soko

Mjomba mheshimiwa,

Nakusalimu kwa adabu zote, maana mbele huko hazitabaki nyingi. Ni mimi Providence, binti wa dada yako Ernestine, yule asiyeongea. Shuleni nasoma kwa Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili, na katika lugha zote mbili najua vizuri kunyamaza. Ndiyo sababu naandika, na barua ataileta mdogo wangu Fabiola.

Unajua mama ameacha kupima ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa kopo, sasa anaziuza katika mifuko midogo yenye jina lake. Etiketi za kubandika kwenye mifuko ulijitolea kuziandika wewe. Mama amesema mifuko isipotoka mwezi huu, nitabeba beseni kichwani nikiita "ndagala, ndagala" barabarani, hadi mbele ya lango la shule yetu. Mjomba, mimi hata kwaya naimba kwa kufungua mdomo tu. Etiketi ndiyo iliyopaswa kuniitia wateja. Sasa tazama ulichofanya.

1. Umeandika "Ndagala za Mama Ernestine" kwa herufi za mialiko ya arusi. N ina mkia unaozunguka mfuko mzima na kurudi kujitazama. E imelala kama bibi arusi aliyezimia. Hapa kwetu mtu akiona herufi hizo anajua anaombwa mchango. Watu wanaona meza yetu, wanavuka barabara. Baba mmoja wa Sange, ndiyo kwanza ashuke kwenye basi, aliinua mikono: "Weye binti, minye nimechanga arusi tatu, uniache." Sikuwa nimesema neno. Huwa sisemi neno.

2. Nilidhani umetupendelea. Kumbe herufi zilezile umempa jirani yetu Bruno, seremala wa masanduku ya kuzikia. Kibao chake kinaalika watu kufa kwa shangwe. Na kwa kuwa maandishi yetu yanafanana kama sare ya familia moja, mama mmoja aliniuliza polepole kama ukinunua sanduku unapewa na ndagala. Nilinyamaza, naye akachukua kimya changu kuwa ndiyo.

3. Mzee Ngendakumana alipopotelewa na mbuzi, ulimpigia chapa tangazo kwa herufi hizohizo. Waliomwona mbuzi walidhani wamealikwa. Walimla.

4. Kwa hiyo naomba herufi zote zenye mikia zifungiwe ndani ya sanduku moja la Bruno, zitolewe tu kwa anayekuja na bibi arusi aliye hai, akiwa na mashahidi. Sisi utupe herufi za mifuko ya sima, ile saruji ya kujengea: nene, zimesimama wima, hazina habari na mtu. Sijasikia aliyeletewa mfuko wa sima akauliza ibada iko kanisa gani.

Najua mtoto haongei hivi na mjomba wake. Kwa mdomo nisingeweza hata nusu ya sentensi. Lakini beseni liko nyuma ya mlango, mama amekwisha kulisugua, linang'aa.

Unisalimie mke wako Mama Claudette, watoto wote, wateja wanaopanga mstari kwako bila kujua linalowangoja, na hata mashine yako ya kupiga chapa, ambayo haina kosa.

Wako kwa heshima iliyobaki,
Providence

N.B. Jumatatu jioni. Mjomba, usibadilishe kitu. Asubuhi, maana leo hatukuwa na shule, kabla Fabiola hajaondoka na barua, Mama Generose wa Kamanyola alisimama mezani, akafungua pochi kabisa, akauliza arusi iko ya nani na kitenge ni cha rangi gani. Ikabidi nijibu: "Mama, hakuna arusi. Iko ndagala tu." Alicheka mpaka akakalia kiti changu. Akanunua, akawaita wenzake waje kumwona bibi arusi wa ndagala. Kila aliyefika aliuliza upya, nami nikaeleza upya, na ilipofika saa sita nilikuwa nawapigia kelele hata wale wanaovuka barabara kutukimbia. Bila beseni. Mifuko imekwisha, mama anataka etiketi nyingine.

Za Bruno ubadilishe. Barua yenyewe lazima uipate, kwa sababu dharau yote hii imekula Jumapili yangu nzima. Ila Fabiola haji. Naileta mwenyewe, na nitakusomea kwa sauti.