Shimo Langu la Angani Juu ya Uru

Leo nimeaibika, na shahidi wa kwanza ni ng'ombe wetu. Naandika haraka kabla mama hajaisimulia jumuiya nzima, maana kesho ni zamu ya kusali kwetu.

Mnajua nasoma mambo ya anga. Kwa wale mnaoniulizaga kama kesho itanyesha: siyo anga hiyo. Yangu iko juu zaidi, mamia ya kilomita, huko ambako jua linapiga hewa na kung'oa elektroni. Mawimbi ya satelaiti yakipita humo yanachelewa kidogo sana, na kwa kupima kule kuchelewa najua elektroni ziko nyingi au chache. Nachora ramani. Pale ambapo satelaiti hazijaniambia kitu, modeli kwenye kompyuta inakisia, mara nyingi chini ya ukweli, na kujaza. Hilo la kujaza lishikeni, ndilo lililonimaliza.

Kipokezi changu kiko nyumbani, Uru. Nilihitaji mahali peupe mlimani, na kwenye kihamba chetu, shamba la nyumbani, migomba imefunika kila kitu isipokuwa kando ya banda la ng'ombe. Basi mwaka jana nikasimika nguzo pale, urefu wa kifua, na juu yake antena nyeupe ya mviringo, kama bakuli lililofunikwa. Mama akaizunguka, akaitikisa, akasema ni nguzo nzuri. Nikafurahi kwamba mzazi wangu anathamini sayansi.

Haikupita muda nikagundua shimo. Kila siku, asubuhi na jioni, ramani yangu inaonyesha elektroni zimepungua ghafla juu ya Kilimanjaro. Duara safi kabisa. Linakaa kama saa moja, halafu linajifunga. Vipokezi vya mikoa mingine havina kitu kama hicho. Nikalipa jina, Shimo la Kilimanjaro, nikaliandikia sura nzima ya tasnifu. Hata Jumapili, ambapo shimo la asubuhi linawahi kuliko siku nyingine, nilipata maelezo: viwanda vya mjini vinakuwa vimepumzika. (Kurasa nne. Zina michoro.)

Mwalimu wangu tunamwita Dokta tu. Ni mzee wa Machame, hacheki ovyo. Wiki hii ndiyo ya mwisho: akisaini fomu, nawasilisha, asiposaini, nasubiri mwaka mwingine mzima. Akasema hawezi kusaini shimo ambalo hajaliona. Nikamjibu aje Uru, shimo langu linatunza saa kuliko kengele ya kanisa.

Amefika leo saa kumi. Mama kampokea vizuri, wakaulizana ukoo mpaka wakapata shemeji wa pamoja, mtori wa ndizi ukaletwa. Nikawasha kompyuta pale sebuleni. Ilipokaribia saa kumi na moja mama akaaga. Akasema mgeni ni mgeni, lakini ng'ombe hana habari hizo.

Saa kumi na mbili kasoro robo ramani imetulia, nzuri, elektroni kibao. Mimi nimesimama, mkono kiunoni.

"Dokta, angalia hapa juu yetu. Lisipofunguka ndani ya dakika kumi, usisaini."

(Huu mdomo wangu mtanikatia lini?)

Likafunguka dakika ya saba. Doa la bluu, duara, juu ya mlima. Dokta akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akanipa mkono. Nawaapia, alinipa mkono! Akatoa fomu, akatoa kalamu. Mimi kichwani nimeshavaa joho.

Kalamu ikasimama. Akaniomba nimfungulie safu ya idadi ya vipimo, ile inayoonyesha kipokezi kinasikia satelaiti ngapi. Safu hiyo huwa naiangalia mchana, mambo yanapokuwa mazuri. Kwa saa za shimo sikuwahi kuifungua, kwa sababu shimo lilikuwa linanipendeza lilivyo.

Ilikuwa sifuri. Siyo chache. Sifuri.

"Hapa hakuna shimo," Dokta akasema taratibu. "Hapa modeli inajisemea yenyewe."

Akainuka, bakuli la mtori mkononi, akatoka nje. Nikamfuata.

Juu ya nguzo yangu kulikuwa na ndoo ya aluminiamu, ile ya kukamulia. Imefunikwa juu ya antena, imeoshwa inang'aa, inachuruzika maji. Ilikuwa imekaa sawasawa, utadhani fundi alipima. Mama yuko pembeni anafuta mikono kwenye kitenge.

"Mama, hii ndoo huwa unaiweka hapa?" nikauliza.

"Kila siku, nikishakamua na kuosha. Nikiiacha chini kuku wanaingia. Tangu umeniwekea hii nguzo maziwa yangu hayajawahi kuharibika."

Dokta akamuuliza, kwa adabu zote, kuhusu Jumapili.

"Jumapili nakamua mapema, baba. Nawahi misa ya kwanza."

Dokta akanigeukia. "Viwanda," akasema, basi. Ng'ombe akanitazama huku anatafuna. Nilitamani migomba inifunike na mimi.

Mama alivyoniona uso akaelewa kuna kitu kimeharibika. Akaenda kwenye ua wa shamba, akachuma jani la isale, akalikunja, akampa Dokta kwa mikono miwili. Waliokulia mlimani mnajua: ukiombwa msamaha kwa isale, hukatai.

"Kosa ni la ndoo yangu, baba. Siyo la mtoto."

Hapo nilitaka kulia kweli. Mama yangu hajui elektroni ni kitu gani, lakini alijua naumia. Dokta akalipokea lile jani, akainamisha kichwa, akaliweka mfukoni mwa shati, jirani na kalamu. Mimi macho yote kwenye kalamu.

"Mimi nimeshasamehe, mama. Ila modeli haijui isale."

Hakusaini. Ila amekunywa kibuyu kizima cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na kabla hajapanda gari akasema ataniombea chuoni nyongeza ya wiki tatu. Nifute saa zote za ndoo, nichore ramani upya, na ile sura nzima niigeuze: ieleze jinsi ya kujua kwamba ramani inaongea bila kupima. Kurasa nne za viwanda anataka abaki nazo yeye, za kuwasomea wanafunzi. Na katika wiki hizo tatu, hata kipepeo asitue kwenye ile nguzo.

Mama kakubali. Naye akaweka sharti lake: ndoo lazima ikauke mahali.

Kwa hiyo haya yote nimeyaandika kwa mkono mmoja. Wa pili umeshika ndoo, kichwa chini, mbali na kuku. Anayetaka kucheka aje kwanza anipokee.