Fimbo Iliyochelewa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Asante Mungu kwa Ghala! Mjerumani alilijenga liwekwe pamba, popo wakalirithi, sasa ni letu: jukwaa, michoro ukutani, spika kubwa. Hapahapa Biharamulo! Jumamosi ni uzinduzi. Mama Deodata, mlezi wa Ghala, amesema atakayefungua jukwaa ni mmoja: mimi au Danstan wa Lusahunga, anayewachezesha madereva wa malori kwa muziki wake. Ijumaa kila mtu alete wimbo. Lazima niwe mimi. Tangu nimalize chuo natunga muziki kwa kompyuta chumbani, na hakuna aliyeusikia ila mbuzi wa jirani. Danstan, bila hata kuusikia, aliuliza kama wimbo wangu mgonjwa umeshapelekwa hospitali. Nilimshukuru. Adui mzuri ni neema.

Jumanne, 10 Juni
Nina mpango! Basi, kisha pikipiki, vumbi hadi kwenye meno: Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, kwa shangazi Selestina. Kesho wanawake wanapura maharage. Mdundo wa fimbo zao haumo kwenye kompyuta yoyote. Nitaurekodi, niuite wangu. Nimemwambia shangazi ni utafiti wa chuo. Kanipikia ndizi. Ana moyo, huyu.

Jumatano, 11 Juni
Nilikaa pembeni na simu, kimya, kitafiti. Kosa! Penye kupura hakuna mtazamaji. Ukifika, unashika fimbo. Nikaifunga simu kiunoni kwa khanga, ikirekodi. Wao wanapiga pamoja, mimi nachelewa nyuma yao. Shangazi aliuliza kama chuoni fimbo hushikwa kwa cheti. Mwenzake, Speciosa, aliniomba nipige maharage, niuache mpaka wa Burundi. Nikajigonga mguu. Yowe! Walicheka hadi wakakaa chini. Viganja vyote malengelenge. Wamenifungashia maharage. Nashukuru, ila kwa uchungu.

Alhamisi, 12 Juni
Nimerudi, nimesikiliza. Msiba! Nimo kila mahali: nahema, nachelewa, napiga yowe. Nikijifuta, na mdundo unafutika. Mpango wa pili: nimempigia Danstan, nikamwambia mchujo umesogezwa hadi Jumapili. Alishukuru sana. Akasema basi Ijumaa atakuja kunisaidia kufagia.

Ijumaa, 13 Juni
Alikuja. Na ufagio! Mama Deodata alishangaa, Jumapili ipi? Danstan alinitazama, akasema labda mtandao ulikuwa unakatika. Nilitamani ardhi inimeze. Bahati nzuri wimbo wake anatembea nao kwenye flashi. Ulipigwa, safi kabisa. Kisha wangu. Yowe langu kwenye spika zile! Watu walicheka. Halafu miguu ikaanza, mmoja mmoja, hadi ya Mama Deodata. Danstan alisema utamu uko kwenye ile fimbo moja inayochelewa, mguu unaisubiri. Akasema nifungue mimi, yeye atashika mitambo. Nililia chooni.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefungua! Danstan aliwatafutia shangazi na wenzake lifti ya lori. Nilitaja majina yao kwenye kipaza sauti. Walicheza mbele kabisa. Speciosa alimwonyesha kila mtu kuwa mwenye lile yowe ni mimi. Asante, asante, asante.

Jumapili, 15 Juni
Bado nashukuru. Wote wanasema uzuri wa wimbo ni kukosea kwangu. Nimewaelewa. Onyesho lijalo nitamzidi Danstan mbali: nimeanza mazoezi ya kukosea. Tangu tutoke kanisani nimepura maharage yote ya jirani, nikifuata rekodi ya akina shangazi. Amefurahi mno. Ila sijachelewa hata pigo moja. Kesho nitajaribu kwa mkono wa kushoto.