Kibao cha Chumvi cha Mama Hajara

Jumatatu, 4 Machi 1957. Bwera.
Fundi Badiru, anayetufundisha kuchora vibao vya maduka, ametupa mtihani. Mama Hajara anauza chumvi ya Katwe, anataka kibao. Wateja wengi hawasomi. Picha iseme yenyewe. Fundi kasema chumvi yenyewe haichoreki, tujiulize inafanana na nini. Mshindi anakwenda Kasese kuchora duka jipya karibu na stesheni ya reli. Wanafunzi tuko wawili, mimi na Syahuka. Yaani niko peke yangu!

Jumanne, 5 Machi.
Syahuka amekaa kutwa akitazama theluji mlimani. Mvivu! Mimi nilijitazama kwenye kioo, nikatabasamu, nikapata jibu. Meupe! Yamepangika! Meno!

Jumatano, 6 Machi.
Nimechora mdomo mpana kama mlango, meno thelathini na mawili. Syahuka kachora mlima wa chumvi, kilele kinang'aa. Fundi aliutazama mno. Sikupenda. Nikamwambia Syahuka kuna tajiri huko Kinyamaseke anamngoja, anataka kibao. Hakuna tajiri. Akapanda baiskeli, akaenda! Nikatundika changu dukani upesi.

Alhamisi, 7 Machi.
Asubuhi duka limejaa! Nusura nilie kwa furaha. Kisha nikaona wote wameshika mashavu. Mzee mmoja katoka Kisinga kwa miguu, kaketi juu ya gunia, kaachama. Mama Hajara akanifuata na mwiko.
"Umaru! Mimi niko nauza chumvi, watu beko naniomba koleo!"
Mzee aligoma kuondoka. Mama akampa maji ya chumvi asukutue. Akapata nafuu, akaenda zake bila kununua hata kijiko. Kibao kimeshushwa. Mlima umepanda.

Ijumaa, 8 Machi.
Syahuka karudi. Kampata tajiri huko Kinyamaseke! Wa kweli! Kachora kibao chake, kalishwa kuku. Na Kasese anakwenda yeye. Kanishukuru kwa kumwelekeza, tena kwa moyo mweupe. Nimeumia zaidi. Fundi akaniuliza nimejifunza nini. Nikaomba muda wa kufikiri.

Jumamosi, 9 Machi.
Bahati! Fundi kamsindikiza Syahuka Kasese, na Bwambale, seremala wa majeneza, kaja kutaka kibao. Nikamwambia mwenye kazi ndimi. Nimefikiri sana, karibu dakika nzima. Jeneza linafanana na kitanda. Nimechora mtu amelala, shuka safi, anatabasamu. Juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI WASAFIRI.